Usiangalie Nguo, Sikiliza Besi

Makala nyingi kuhusu David Bowie, mwimbaji wa roki wa Uingereza, huanza na sura. Kwanza nywele nyekundu za Ziggy Stardust, mhusika aliyejibunia wa kupanda naye jukwaani, halafu ile radi iliyochorwa usoni kwenye kava la Aladdin Sane, halafu yule jamaa mwembamba wa shati jeupe na kizibao cheusi, pakiti ya sigara za Gitanes ikichungulia mfukoni. Mwandishi anazipanga picha kwa mfuatano wa miaka, anasema jamaa alikuwa kinyonga, makala imekwisha.

Sina ugomvi na picha. Ila mimi nimepiga besi kwenye bendi za maharusi na za hotelini, na pale nyuma nilipokuwa nasimama mambo yanaonekana tofauti. Mwimbaji anaweza kubadilisha koti mara tano kwa usiku mmoja na watu waendelee kucheza vilevile. Jaribu kubadilisha mpiga drams uone. Sisi tuliokulia kwenye dansi hatuhitaji kufundishwa hili: mpigaji akihama bendi, mtindo nao unafungasha.

Ndiyo maana naipenda Station to Station, albamu yake ya Januari 1976, kuliko zile zinazosifiwa zaidi. Wachambuzi huiita albamu ya mpito, mara nyingi kwa namna ya kuipita haraka, kwa kuwa imekaa katikati ya soul, muziki wa Wamarekani weusi, ya Young Americans (1975) na maajabu ya Low (1977). Ina nyimbo sita tu, dakika kama 38 zote kwa pamoja. Kwangu hiyo ndiyo albamu ambayo mtu unamsikia akigeuka waziwazi, na ukitega sikio vizuri utagundua anayeanza kugeuka si mwimbaji.

Turudi nyuma kwanza. Tarehe 3 Julai 1973, ukumbi wa Hammersmith Odeon, London. Bowie, akiwa bado ndani ya mavazi ya Ziggy, anaisogelea maikrofoni na kutangaza kwamba hii si shoo ya mwisho ya ziara tu, ni ya mwisho kabisa watakayofanya. Ukumbi unapiga mayowe. Mtengenezaji filamu D. A. Pennebaker alikuwepo na kamera zake, kwa hiyo tukio zima unaweza kulitazama mpaka leo. Historia inasema Ziggy aliuawa usiku ule. Mimi nikifika hapo simtazami tena Ziggy, nawatafuta walio nyuma yake. Mick Ronson, mpiga solo, alikuwa ameshadokezwa. Trevor Bolder wa besi na Mick Woodmansey wa drams hawakuwa na habari. Walisikia palepale jukwaani, sawa na yule aliyekata tiketi. Ziggy hakufa, bwana. Kilichotokea ni kwamba wapigaji walikatiwa kazi mbele ya kadamnasi, na mhusika akakosa miguu ya kusimamia. Bolder aliitwa tena kidogo kwa Pin Ups, albamu ya nyimbo za kopi iliyotoka Oktoba mwaka uleule, lakini Spiders from Mars, bendi ya Ziggy, ilikuwa imeshazikwa.

Diamond Dogs, ya Mei 1974, ni albamu ya mtu aliyebaki bila bendi. Bowie alitaka kuigeuza riwaya ya George Orwell kuhusu mwaka 1984 kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo. Mjane wa Orwell, Sonia, akakataa katakata, na nyimbo zilizokuwa tayari zikaingizwa kwenye hadithi nyingine ya mji uliooza. Ronson hayupo, kwa hiyo sehemu kubwa ya solo Bowie anaicharaza mwenyewe, kwa mkono mkavu, usio na mbwembwe. Mkono huo ndio uliotupa "Rebel Rebel", kwa hiyo hatulalamiki. Lakini katikati ya uchafu wote ule umo wimbo uitwao "1984", na humo gitaa linalia kwa kanyagio la wah-wah, nyuzi za okestra zinapanda, haieti, yale matoazi mawili ya drams, zinachekecha. Ni Isaac Hayes mtupu, yule wa muziki wa filamu ya Shaft. Sauti bado ya Ziggy, magoti yameshaanza kucheza Marekani.

Ziara ya albamu hiyo ilianza Montreal, Juni 1974, na mandhari iliyogharimu fedha nyingi: jiji zima la kubuni lililoitwa Hunger City, maghorofa yaliyopinda, na winchi iliyombeba Bowie kwenye kiti juu ya vichwa vya watu akiimba "Space Oddity" huku ameshika simu. Bendi ilisukumwa pembeni isiharibu picha. Naomba uizingatie hiyo, kwa sababu ndiyo mara pekee alipojaribu kwa nguvu zote kuufanya muziki uwe mtumishi wa sura, na mambo yakaanza kumgomea.

Na nikisema kugoma, namaanisha mgomo. Julai, kwenye Tower Theater nje kidogo ya Philadelphia, wapigaji waligundua maikrofoni za ziada jukwaani. Kumbe shoo inarekodiwa iwe albamu, na hakuna aliyewaambia habari ya malipo. Wakakataa kupanda mpaka waelewane. Aliyesimama mbele kuwasemea alikuwa Herbie Flowers, mpiga besi. (Flowers ndiye aliyepiga besi kwenye "Walk on the Wild Side" ya Lou Reed, 1972. Alirekodi besi mbili kwenye wimbo uleule, ile kubwa ya kusimama na ya umeme, na mwenyewe alieleza bila aibu kwamba vyombo viwili vilimaanisha ujira mara mbili. Huyu mzee apewe sanamu.) Albamu ya moja kwa moja ilitoka ikiitwa David Live, na ukiisikiliza ukiwa unajua kisa hicho, ule ubaridi uliomo unapata maelezo.

Kisha lori lililobeba mandhari likapata ajali likielekea Tampa, Florida. Shoo ya Tampa ikapigwa jukwaa likiwa tupu, na kwa kadiri tunavyojua hakuna aliyedai hela yake. Kufikia Oktoba jiji lote la Hunger City lilikuwa limeshatupwa, ziara ikaendelea na bendi mpya, waimbaji wa soul wamejipanga mstari mmoja mbele, na Bowie mwenyewe kavaa suti. Ziara moja ilianza na mtu mmoja na kumalizika na mwingine.

Kilichotokea katikati kina jina: Carlos Alomar. Mzaliwa wa Puerto Rico, kakulia New York, alishapiga kwenye bendi ya ukumbi wa Apollo kule Harlem. Walikutana studio mwaka 1974. Alomar amesimulia mara nyingi kwamba alipomwona Bowie mara ya kwanza hakuona nyota, aliona mtu aliyekonda anayehitaji kulishwa, akamkaribisha nyumbani mkewe ampikie. Mke huyo ni Robin Clark, mwimbaji. Agosti wote wawili waliingia na Bowie studio za Sigma Sound, Philadelphia, nyumba ya muziki wa soul wa jiji lile, wakiwa na rafiki yao kijana asiyejulikana aliyeitwa Luther Vandross. Vandross alikuja kutembea tu. Akawa anamnong'oneza Robin jinsi kiitikio cha "Young Americans" kingeweza kwenda, Bowie akamsikia, akamwambia aingie aimbe. Ndivyo albamu ile ilivyotengenezwa: Bowie kaa sikiliza, chukua kinachofaa.

Kuna filamu ya BBC ya kipindi hicho, Cracked Actor ya Alan Yentob, ilirushwa Januari 1975. Bowie yuko kiti cha nyuma cha gari refu, jangwa linapita dirishani, kavaa kofia, anakunywa maziwa kutoka kwenye boksi. Amepauka mpaka mifupa ya mashavu inahesabika. Ghafla anachungulia ndani ya boksi: nzi. Anacheka, halafu anasema yeye na Marekani ndivyo walivyo, kitu kigeni kinachoelea humo na kinanyonya maziwa mengi. Huo ndio uchambuzi bora wa Young Americans nilioupata popote, na ameutoa mwenyewe akiwa hajalala vizuri.

Januari 1975, studio ya Electric Lady, New York, Alomar alikuwa na kipande cha gitaa alichokitunga kwa ajili ya kopi ya wimbo wa zamani, "Foot Stompin'", waliokuwa wakiupiga jukwaani. Bowie akaona kinapotea bure pale. John Lennon wa Beatles alikuwepo. Wakakikata, wakakipanga upya, wakatoka na "Fame", wimbo wa kwanza wa Bowie kushika namba moja Marekani, Septemba 1975. Dennis Davis yuko kwenye drams. Na James Brown, baba wa mdundo wenyewe, akatoa wimbo uitwao "Hot" ambao gitaa lake ni "Fame" mchana kweupe. Kwa kawaida mzungu ndiye anayemkopi James Brown. Mara hii mambo yaligeuka, ingawa kusema ukweli aliyekopiwa ni Alomar.

Sasa tufike kwenye albamu yenyewe. Vuli ya 1975, studio za Cherokee, Los Angeles. Bowie ametoka kuigiza filamu ya Nicolas Roeg, The Man Who Fell to Earth, kule New Mexico, akicheza kama kiumbe wa sayari nyingine anayevaa umbo la binadamu na kuharibikiwa. Filamu ikaisha, mhusika akabaki mwilini. Anaishi kwa unga, yaani kokeini, na maziwa na pilipili hoho. Halali siku kwa siku. Anaogopa wachawi. Miaka ya baadaye alisema karibu hakumbuki chochote kuhusu kuirekodi albamu hii, na hakuwa anatania.

Basi jiulize: kama mwenye albamu hakumbuki, nani alikuwa anakumbuka?

Walikuwa watatu. Alomar wa gitaa la ridhim, Dennis Davis wa drams, na George Murray, mpiga besi aliyeingia kwa mara ya kwanza kwenye vipindi hivi. Utaratibu ulikuwa huu: watatu hawa wanasuka wimbo mpaka unasimama wenyewe, halafu Earl Slick anaongeza solo, Roy Bittan wa bendi ya Bruce Springsteen anaweka piano, na maneno yanakuja mwisho. Harry Maslin yuko mezani anarekodi usiku kucha. Yaani yule mhusika mashuhuri wa albamu, The Thin White Duke, bwana mkubwa mweupe asiye na huruma, aliingia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa na Waafrika-Wamarekani wawili na Mpuerto Rico mmoja.

Uweke wimbo wa kwanza, ule wenye jina la albamu, dakika kumi na sekunde chache. Tumia spika mbili, au visikizi vizuri. Treni inaanzia upande mmoja na kuvuka hadi wa pili. Gitaa la Slick linalia kwa mbali bila kupiga noti, ni umeme tu unaojirudia. Piano inagonga, inagonga tena. Kisha Murray na Davis wanaingia na mwendo mzito kama wa paredi, polepole mno, unakaribia kuudhi. Wanakaa hapo. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwimbaji hajaja. Nani mwingine wa umaarufu wake angethubutu mwaka ule kuwaacha mashabiki dakika tatu na besi? Anapotokea hatimaye, anajitangaza kwa jina la Duke, kwa sauti nzito, baridi, ya kutoka juu kwenda chini. Nilikuwa nadhani ukali wa sehemu ile unatoka kwenye sauti. Izime sauti kichwani ubaki na Murray: ukali wote uko pale, noti chache, kila moja imewekwa kama mtu anayeshusha gunia.

Halafu, dakika ya tano na ushei, wimbo unafunguka. Mwendo unapanda, Davis anaanza kusukuma, Alomar anatafuna kodi nyumanyuma, piano inacheza, na kabla hujakaa sawa mko kwenye disko. Bowie anaimba kwamba haya si madhara ya kokeini, anadhani lazima ni mapenzi, na pumzi yake imebadilika kabisa. Ni yeye yuleyule, shati lilelile. Aliyebadilika ni Davis. Duke alizaliwa dakika ya tatu akavunjwa nguvu dakika ya tano, na kazi hiyo ameifanya mpiga drams.

Nyimbo nyingine nitazipitia haraka, maana zinaeleweka bila mwongozo. "Golden Years" ni makofi na mluzi, tamu kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa katika hali ile. "Word on a Wing" ni sala, na hakujificha. "TVC 15" ni mzaha kuhusu televisheni, mimi huuruka. "Wild Is the Wind" aliuchukua kutoka kwa Nina Simone na anauimba kama mtu anayejua hataufikia ule wa mama, jambo linaloufanya uwe mzuri. Ila "Stay", jamani. Gitaa linaloanza pale, na jinsi besi inavyochelewa kidogo makusudi kisha inaangukia palepale panapotakiwa. Niliwahi kujaribu kuipenyeza kwenye bendi yetu kabla wageni hawajafika ukumbini. Mpiga drams alinitazama akauliza nani atacheza hiki. Wahudumu waliokuwa wanapanga viti walikuwa wameshaanza kutikisa mabega, lakini sikuwa na nguvu ya kubishana.

Duke alipopanda jukwaani mwezi Februari, hapakuwa na jiji la maghorofa wala winchi. Taa nyeupe tupu, na kabla ya shoo watu walionyeshwa filamu fupi ya 1929 ya Luis Buñuel na Salvador Dalí, ile ya jicho linalokatwa kwa wembe. Halafu bendi. Baada ya kujaribu kuificha mwaka 1974, sasa ameiweka wazi chini ya mwanga mkali, na ni mwanga na bendi tu.

Upande mwingine wa Duke siwezi kuuruka. Mwaka huohuo, kwenye mahojiano, alitoa maneno ya kuusifu ufashisti na kumzungumzia Hitler kama nyota wa muziki. Mwezi Mei alipigwa picha Victoria Station, London, mkono juu ndani ya gari la wazi; yeye alisema alikuwa anapunga tu. Baadaye aliyakana maneno yale, akasema akili haikuwa yake, na akamwita Duke mtu mbaya kabisa. Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa kusema ni mhusika aliyesema, si Bowie. Mimi hilo silinunui. Mhusika hatoi mahojiano. Kinachonikaa rohoni ni kwamba asubuhi mtu yule anasema aliyoyasema, na usiku anapanda jukwaani akiwa amesimama juu ya mdundo wa Davis na Murray. Mchango wao kwenye mhusika yule ndio sehemu pekee isiyohitaji kuombewa radhi.

Alihamia Ulaya akijiokoa na unga, akaishia Berlin. Low ilipotoka Januari 1977 kila mtu alishangaa: nusu nzima karibu haina kuimba, mashine zinanguruma, Brian Eno, fundi wa sintesaiza, yuko humo. Mtu mpya kabisa, walisema. Kava? Picha nyingine kutoka filamu ileile ya Roeg iliyotumika kwenye Station to Station. Besi, drams na ridhim? Murray, Davis, Alomar. Drams zile ambazo kila prodyuza wa Uingereza alihangaika kuziiga miaka iliyofuata ni za Davis, zikipitishwa na prodyuza Tony Visconti kwenye kifaa kinachoifanya sauti izidi kuwa nzito baada ya kila pigo. Watu walisikia kifaa. Kifaa hakina mkono.

Watatu hao walikaa mpaka 1980, albamu ya Scary Monsters. Katikati yake iko Lodger ya 1979, ambayo wengi huibeza na mimi huitetea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kwetu: Bowie alikuwa ametembelea Kenya, na kwenye "African Night Flight" anakariri "asanti habari habari habari" kwa kasi ya utingo anayeita abiria. Kiswahili hicho hakitafaulu mtihani wowote, lakini Davis hapo chini anakimbia nacho bila kukata pumzi. Ya pili ni "Boys Keep Swinging". Wimbo ulikuwa unatoka safi mno, hauna utundu wa vijana, basi akawaambia wabadilishane vyombo. Alomar akakaa kwenye drams, Davis akabeba besi. Ukiuliza Bowie alijua nini kuhusu kubadilika, jibu liko kwenye amri hiyo.

Mwaka 1983 alimchukua Nile Rodgers wa bendi ya Chic, aliyekuja na watu wake wa drams, wakatengeneza Let's Dance, na Bowie wa nywele za dhahabu na suti pana akaonekana kila televisheni duniani. Alomar hakuwemo studio. Aliitwa baadaye kuiongoza bendi kwenye ziara, maana "Station to Station" ilikuwa kwenye orodha ya nyimbo na lazima awepo mtu wa kuwafundisha wengine jinsi inavyoanza.